Haijakauka Vanishi

Jumamosi, tukishafagia maranda,
Mwalimu Bujiku alitundika shuka ukutani mwa karakana,
akalikaza kwa misumari ya nusu inchi,
Lusesa akawasha mashine ya sinema.

Pasiansi, mwaka sabini na nane.
Madirisha tuliyaziba kwa magunia ya pamba,
lakini wadudu wa ziwani, wale wasiouma,
walipita hata tundu la ufunguo
wakacheza ndani ya mwanga,
hata theluji ya nchi ile kwenye picha
hatukujua ipi theluji, ipi wadudu.

Mkanda ulikuwa mmoja tu. Umri wake ulituzidi sote.
Mvulana mzungu, nywele zimelazwa kwa mafuta,
tai ndefu shingoni, anataka kutengeneza stuli.
Msimulizi aliongea Kiingereza cha puani;
Mwalimu akakata sauti, akasimulia yeye:
"Huyu anaitwa Masalu. Masalu hasikii."
Tukamgeukia Masalu wetu wa benchi la nyuma,
tukacheka mpaka jiliwa zikatikisika.

Masalu wa ukutani akainamia kerezo.
Tai ikaanza kuvutwa, taratibu,
kama ulimi wa ng'ombe unaotafuta chumvi.
Tulishaona mara tisa;
bado Nyanjige alinifinya mkono.
(Wasichana tulikuwa wawili, kati ya thelathini na wanane.)
Mkono wenye koti jeupe ukazima swichi.
"Tai," alisema Mwalimu, "ni ya kanisani."
Sisi tai hatukuwa nazo. Wala kerezo:
la kwetu lilikuwa bado barua, wizarani.

Basi Masalu akaanza upya.
Akapima, akapima tena, penseli sikioni.
Akapiga randa. Akapiga msasa, akifuata nyuzi za mti.
Akachovya brashi kwenye vanishi
na hapo, weupe.
Shuka. Wadudu. Mkia wa mkanda
ukijipigapiga, tap, tap, tap.

"Mwalimu, stuli yake aliipeleka wapi?"
"Haijakauka vanishi. Shikeni tupa zenu."

Kila mwaka, jibu lile lile.
Nyanjige aliapa mwishoni kuna damu.
Masalu wetu alisema kuna busu.

Miaka sitaisimulia. Nina karakana Kirumba, vijana watano,
kerezo la mkopo, kidole kimoja kifupi
(si tai; ilikuwa haraka).
Mwezi wa nne akaja mtoto wa Bujiku, matanga yamekwisha,
mkononi kopo la maziwa ya unga, zito.
"Mzee alisema hizi za Milembe."

Skrubu za shaba, ndefu chini, fupi juu.
Chini kabisa, msasa uliochakaa,
na ndani ya msasa, umeviringishwa, mkanda.
Kama pima moja.

Niliuinua dirishani. Vipicha vidogo kama kucha.
Baraza. Masalu na stuli, tai imerudi shingoni.
Na msichana, sketi pana, mikono nyuma,
amesubiri pale filamu nzima, nadhani,
tangu kabla ya mti kuangushwa.
Kipicha hata kipicha mikono inatoka mgongoni,
mitupu, safi, inapiga makofi.
Anakalia.
Ndiyo mwisho.

Barua hakuna. Labda uliungua tu, akaokoa kipande.
Lakini namjua aliyenifundisha kukata:
patasi kali, pigo moja, nyuzi tisini,
hata kijipindo hakuna.

Nikamkumbuka Nyanjige, alivyoezeka zahanati kule Sengerema
na mimba ya miezi sita,
misumari mdomoni, akiwatukana walioshika ngazi.

"Mama fundi, unatazama nini?" aliuliza Shigela.
Nje wale wadudu walishaanza kupanda kutoka ziwani
kama moshi wa mtu anayechoma kitu kibichi.
Madawati arobaini yalitakiwa Ijumaa.
Nikamwambia achukue brashi, aanzie mlangoni,
na asikalie chochote.
Haijakauka.